Njia Nyembamba, Rekodi Nene

Milimita 610. Huo ndio upana baina ya chuma na chuma kwenye reli ya Avontuur, kusini mwa Afrika Kusini, na haufiki hata nusu ya upana wa reli yetu ya SGR, ambao ni milimita 1,435. Lakini njia hiyo ilijengwa kwa urefu wa kilomita 285, kutoka Port Elizabeth, mji ambao tangu 2021 unaitwa Gqeberha, hadi Avontuur, ng'ambo ya bonde la matunda la Langkloof. Ujenzi ulianza 1902 na kukamilika 1906. Kwa geji hiyo, yaani upana huo, ndiyo ndefu kuliko zote zilizosalia duniani.

Nasema zilizosalia kwa sababu ilikuwepo iliyoipita. Reli ya Otavi, iliyojengwa na Wajerumani katika nchi ambayo leo ni Namibia, ilikwenda kilomita 567 kutoka Swakopmund hadi migodi ya shaba ya Tsumeb, kwa geji ya milimita 600. Sehemu ya kazi ile ilifanywa na mateka wa Kiherero, wanaume kwa wanawake, wakati wa vita vyao na Wajerumani vilivyoanza 1904. Sipendi kuona rekodi hiyo ikitajwa bila wao. Mwaka 1960 njia ilikuwa imekwisha kupanuliwa, na injini zake, zilizojulikana kwa jina la Kalahari, zikahamishiwa Langkloof kuvuta matufaha. Treni ya abiria iliyoanza huko 1965 iliitwa Apple Express.

Rekodi iliyonivuta mimi hadi kule ni daraja la mto Van Stadens. Lina urefu wa mita 156, na kutoka chini hadi juu ni mita 77. Katika reli za geji hiyo ya milimita 610, ndilo linalotajwa kuwa refu kwenda juu kuliko yote duniani. Nililitazama kwa muda mrefu kutoka bondeni. Nguzo zake za vyuma vilivyosukwa zinapanda kutoka kwenye vichaka, na huko juu kabisa mataruma yanaonekana madogo mno kubeba treni. Nimeona madaraja marefu zaidi ya reli pana. Hakuna lililonigusa kama hili.

Hata hivyo, ajabu kubwa ya reli hizi ni injini. Reli nyembamba huwekwa pale fedha zinapokuwa haba: kona kali, vyuma vyepesi, milima isiyochongwa. Injini kubwa ya kawaida haipiti hapo. Mhandisi Mwingereza Herbert William Garratt alipata dawa yake na kuisajili 1907. Alitenga seti mbili za magurudumu, moja mbele na moja nyuma, kila moja na silinda zake, kisha akaliweka boila katikati, kama mgonjwa kwenye machela. Kwenye kona, kila seti hujipinda peke yake. Na kwa kuwa chini ya boila hakuna magurudumu, jiko la makaa linaweza kuwa pana na lenye kina; hapo ndipo nguvu inapotoka. Injini ya kwanza ya Garratt, ya 1909, ilitengenezwa kwa ajili ya reli nyembamba ya Tasmania.

Afrika Kusini iliikuza fikra hiyo hadi kufikia injini za NGG16. Zilijengwa 34, kati ya 1937 na 1968, na zinahesabiwa miongoni mwa injini za mvuke zenye nguvu zaidi katika geji yao. Namba 143, ya 1958, ndiyo injini ya mvuke ya mwisho kutoka kiwanda cha Beyer Peacock, Manchester. Baadaye ilirudishwa Uingereza, na imevuta abiria katika milima ya Wales.

Kiwanda hichohicho ndicho kilichotujengea sisi Garratt za daraja la 59, mwaka 1955 na 1956. Nazo zilikuwa 34, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kila moja ilipita tani 250, na hakuna injini za mvuke za geji ya mita zilizowahi kuzizidi nguvu. Mojawapo, namba 5918 Mount Gelai, ipo Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Msomaji, nenda ukaione, na uwapeleke watoto. Simameni ubavuni, usawa wa boila, muone ule uwazi ulio chini yake.