Je, Wajua? Damu Moja, Kiti Kimoja

Je, wajua kuwa Seyyid Said bin Sultan, aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Maskati, aliupata utawala mwaka 1806 kwa kumuua binamu yake Badr bin Seif? Alikuwa kijana wa miaka 15 hivi.

Alipofariki baharini Oktoba 1856, karibu na Ushelisheli, aliacha watoto 36 walio hai, wa kiume 18 na wa kike 18. Hesabu hiyo ni ya binti yake Salme. Mkewe mkuu, Bibi Azza bint Seif, hakuzaa hata mmoja. Wote ni wa masuria. Kila suria na kambi yake: Salme anasimulia kuwa wale wenye mama wa Kihabeshi waliwaita ndugu zao wenye mama wa Kicherkesi "paka", kwa kuwa baadhi yao walikuwa na macho ya buluu. Uadui huo ulianza uani, siku nyingi kabla haujafika barazani.

Je, wajua kwamba Barghash, mmoja wa wana wa Said, alikuwa na baba yake melini? Aliiteremsha maiti usiku, akamzika kimya kimya, akajaribu kuiteka ngome kabla mji haujapata habari. Akashindwa. Kaka yake Majid akatawala Unguja, kaka yao Thuwaini akabaki na Omani, na mwaka 1861 Waingereza wakaamua Unguja iilipe Omani reale 40,000 kila mwaka. Hata ugomvi wa ndugu ukapata ankara yake.

Mwaka 1859 Barghash alijaribu tena, na safari hii dada zake Khole na Salme walikuwa upande wake. Salme alikuwa na miaka kama 15 tu. Wasichana wa jumbani walifundishwa kusoma, si kuandika. Yeye alijifunza mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ndiyo maana barua za njama zikawa kazi yake. Nyumba ya Barghash ilipozingirwa na askari wa Majid, dada hao wawili waliingia, wakamvika kaka yao nguo za kike, macho tu yakionekana, wakatoka naye mbele ya walinzi. Alikimbilia shamba lililoitwa Marseille, lakini Waingereza wakamsaidia Majid, na Barghash akapelekwa Bombay. Kinachouma ni kwamba Majid ndiye aliyewahi kumlea Salme nyumbani kwake, yeye na mama yake. Na bado alimsamehe! Walioshindwa kumsamehe ni Barghash na Khole, alipopatana na Majid.

Je, wajua kuwa mwaka 1866 Thuwaini aliuawa na mwanawe mwenyewe, Salim, huko Sohar? Mwaka huohuo Salme, akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, alitoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Huko alibatizwa, akaolewa, akawa Emily Ruete. Mumewe alifariki mwaka 1870 kwa ajali ya tramu Hamburg, akamwacha na watoto wadogo watatu.

Mwaka huohuo wa 1870 Barghash alirithi kiti. Salme anaandika kuwa alimtia mdogo wake Khalifa gerezani kwa minyororo, miaka mitatu. Aliyemwokoa ni dada yao mmoja aliyekuwa akijiandaa kwenda Hijja: Barghash alipomwendea kuomba radhi, akiogopa laana ya Makka, dada akagoma mpaka Khalifa afunguliwe. Kwa ukoo huu, naona hakuna aliyepata ushindi safi kuliko mwanamke huyo.

Salme mwenyewe alirudi Unguja mwaka 1885 akiandamana na manowari za Bismarck, chansela wa Ujerumani, akidai urithi wake. Barghash, yuleyule aliyetolewa nje kwa nguo za kike, hakukubali kumwona. Kitabu cha kumbukumbu cha Salme kilitoka mwaka uliofuata. Khalifa naye? Alikuja kutawala, 1888 hadi 1890.

Waswahili husema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Aliyelima hapa ni Mwingereza, na aliyevuna ni yeye pia. Agosti 1896 Khalid, mwana wa Barghash, aliiteka kasri kama baba yake alivyotamani kuiteka ngome, baada ya jaribio lake la kwanza la 1893 kuzimwa. Mizinga ya Kiingereza ilimtoa kwa muda usiofika saa moja. Alikimbilia ubalozi wa Ujerumani, kisha Dar es Salaam, akakamatwa 1916, akahamishiwa St Helena na Ushelisheli, na akafia Mombasa mwaka 1927.