Pembe za Fimbo za Gofu

Kila fimbo ya gofu ina pembe ya mwinuko, yaani kiasi ambacho uso unaogonga mpira umelala nyuma kutoka wima, na pembe hiyo, inayopimwa kwa nyuzi, ndiyo inayoamua kwa sehemu kubwa mpira utapaa kiasi gani na kufika umbali gani. Wachezaji wengi huitegemea namba iliyochorwa kwenye fimbo, ilhali hakuna kanuni inayoifunga namba hiyo na pembe maalumu: fimbo ya chuma namba 7, ambayo miongo kadhaa iliyopita ilikuwa na nyuzi zipatazo 36, leo katika seti nyingi ina nyuzi 30 au pungufu. Huo si udanganyifu, kwa kuwa vichwa vya kisasa huwekewa uzito chini zaidi na hivyo huurusha mpira juu hata pembe inapopungua.

Tatizo hujitokeza karibu na shimo. Weji, yaani fimbo ya mapigo mafupi, inayokuja na seti ya kisasa huweza kuwa na nyuzi 44, na mchezaji akiongeza weji ya mchangani ya nyuzi 56 bila kupima, hubaki na pengo la nyuzi 12, wakati nafasi ya nyuzi 4 hadi 6 ndiyo hupendekezwa. Mchezaji wa kawaida, hasa anayenunua fimbo zilizotumika, anapaswa kuzijua pembe zake, ingawa halazimiki kuzikariri; fundi mwenye kipimo huzisoma upesi, na huweza kuzikunja fimbo za chuma laini kilichofuliwa kwa nyuzi 1 au 2.