Kabati Linalolinda Treni

Somo letu la leo ni usalama wa njia moja.

Zamani misafara miwili ikikutana karibu na Tabora, wapagazi walipishana kando ya njia. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, mambo yakawa mengine. Treni mbili zikikabiliana katika reli moja, hakuna pa kukwepea. Ndiyo maana ziko ishara: nyekundu simama, kijani pita.

Je, nani huamua? Katika reli nyingi za siku hizi ni mtambo uliomo ndani ya kabati la chuma. Humo mna fremu yenye upana wa inchi 19, nayo ina mifereji. Katika kila mfereji huchomekwa kibao cha umeme, kama droo ya meza. Kibao kikiharibika, fundi hubadilisha hicho tu.

Mara nyingi vibao vitatu hupewa kazi moja, mfano wa wazee watatu barazani. Viwili vikikubaliana, neno lao hufuatwa. Cha tatu hutengwa, na fundi huitwa. Vyote vikihitilafiana, au umeme ukikatika, ruhusa ya kupita huondolewa, na treni husimama. Basi kanuni ni hii: pasipo hakika, simama. Treni iliyochelewa itafika, iliyogongana haifiki.

Swali la kujadili darasani: Vibao vikiwa viwili tu, navyo vikapingana, utajuaje kipi kinasema kweli?