Mlingoti Uelekeao Chini

Mlingoti kwa mtu wa pwani ni kitu cha kwenda juu. Hubeba foromali na tanga, na jahazi likiwa bado mbali mlingoti ndio uonekanao kwanza. Vijana wetu wa Diani na Watamu wamezoeana na mlingoti wa namna nyingine, ulioshikizwa chini ya ubao, ambao kazi yake yote huifanya ndani ya maji. Mwishoni mwake pana mabawa mawili, la mbele kubwa na la nyuma dogo. Ubao upatapo mwendo, mabawa hayo huinuliwa na maji kama bawa la ndege liinuliwavyo na hewa. Ubao ukatoka majini pamoja na aliyeupanda, ukaenda kimya juu ya mawimbi bila ya kuyagusa. Huo ndio ubao wa foili. Wengine huvutwa kwa tiara, wengine hushika mkononi bawa la kitambaa lenye kukinga upepo.

Wazazi wasiudhanie kuwa ni mchezo wa kupita. Katika Olimpiki ya mwaka 2024, mashindano ya tanga yalifanyika Marseille, Ufaransa, na mbio za foili za kuvutwa kwa tiara zikaingizwa kwa mara ya kwanza, za wanaume na za wanawake. Na hapa kwetu, kuwafundisha wageni ni kazi yenye kulisha nyumba. Basi kijana anapomjia mamake akitaka asaidiwe kununua ubao wake mwenyewe, fedha za chama zinaguswa, na tungependa mama huyo ajue la kuuliza. La kuuliza ni moja: mlingoti una urefu gani, na utatumika katika maji gani?

Milingoti hiyo huuzwa kwa sentimita. Wa dhiraa moja, yaani kiasi cha sentimita 45, ni wa siku za mwanzo kabisa. Wa shibiri tatu, yapata 70, ni wa aliyekwisha kujua kusimama. Wa dhiraa mbili, 85 hadi 90, ni wa mtu mzoefu wa maji marefu. Wanaoshindana hupita hapo. Ule wa mbio za Olimpiki za ubao wenye tanga, uitwao iQFOiL, ni sentimita 95.

Mlingoti mfupi una rehema yake. Kijana akipanda juu kupita kiasi, haanguki kutoka mbali, na ubao hurudi majini upesi kabla hajapotewa na mizani. Lakini una dhiki yake pia. Bawa likikaribia uso wa maji huvuta hewa, na likivuta hewa nguvu ya kuinua hukatika ghafula, ubao ukaporomoka. Mwenye mlingoti mfupi ana nafasi ndogo mno baina ya uso wa maji na bawa lake. Kukiwa na mawimbi ya kusi, au akiinama kugeuza, ncha ya bawa hutokeza nje mara kwa mara. Mlingoti mrefu huondoa dhiki hiyo na kuleta nyingine: kila kosa la mguu hukuzwa, kwa kuwa ni wenzo mrefu, na kuanguka ni kutoka juu, na chini yako pana mabawa yenye makali.

Hayo yote yangekuwa mepesi kama bahari yetu ingekuwa na kina kimoja. Sivyo ilivyo. Maji wanayojifunzia vijana ni ya ndani ya mwamba, na wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani ya Mombasa huzidi mita 3. Nyumba zenye kuhesabu mwezi hazihitaji kufunzwa bamvua huja lini: ni mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, na siku moja au mbili baadaye. Siku hizo maji hukauka sana mnamo saa nne na saa tano za asubuhi, matumbawe yakatokeza pale palipopitwa na ngalawa alfajiri. Mlingoti ukigonga jiwe ubao unapokwenda kasi, ubao husimama, kijana hasimami.

Kwa hiyo shauri letu ni kwamba kabla ya kununua, kipimwe kina. Kijana achukue upondo, auwekee alama ya urefu wa mlingoti anaoutaka, kisha aongeze shibiri mbili: moja ya mabawa na ya ubao kuzama anapoukalia, nyingine ya usalama. Aende siku ya bamvua, maji yakiwa yamekupwa, atembee mahali anapokusudia kupanda. Ambapo maji hayafiki alama, mlingoti huo hauna kazi saa hiyo. Tena arudi maji yakijaa ajue anabakiwa na saa ngapi za kufanya mazoezi. Wavuvi wazee wa mtaa huo watamwambia mengi kwa kikombe cha kahawa, na bila ya malipo.

Ikiwa familia ina uwezo wa mlingoti mmoja tu, sisi tungechagua wa 70 au unaokaribia hapo. Wa 45 kijana huupita upesi, na fedha zikalala stoo. Bora zaidi ni kununua foili ya aluminiamu ambayo mlingoti wake hubadilishwa, mabawa yakabaki yale yale, na mlingoti mfupi wa kuanzia ukaazimwa. Milingoti ya kaboni ni myepesi na migumu kupinda, lakini bei yake si ya mwanafunzi.

Kwa wanaonunua vitu vilivyotumika, ambao ndio wengi, waangalie kitako cha mlingoti. Mbao nyingi zina njia mbili za skrubu zilizoachana kwa milimita 90; kitako kisichooana nazo ni hasara hata kikiwa kipya. Skrubu zote zifunguliwe mbele ya muuzaji. Chumvi hula aluminiamu pale inapokutana na skrubu, na iliyoganda hapo haitoki tena. Baada ya hapo, nyumbani, kila atokapo baharini aoshe kwa maji ya mtungi, afungue viungo na kuvipaka grisi.

Kofia ngumu na jaketi la kifuani viingizwe katika hesabu ile ile ya ubao tangu mwanzo. Binti zetu nao wanaotaka kujifunza, na wapo, wavae vazi la stara la kuogelea lenye kushikana na mwili wa kutosha kutonaswa na bawa. Buibui na leso vibaki ufuoni kwa mama mwenye kuangalia.