Samaki Mgeni Atengwe au Asitengwe?

Mfugaji wa Muleba mwenye hadhari, anunuapo ng'ombe mnadani, hamchanganyi na kundi lake siku hiyo hiyo. Humtenga kwanza, akamchunguza kama ana homa, kikohozi au kupe. Desturi hiyo, iitwayo karantini, yawahusu samaki pia. Lakini afugaye samaki katika hodhi la kioo hukabiliwa na swali gumu: je, samaki dhaifu, aliyekwisha kutaabika safarini, atengwe tena peke yake?

Chukuliwe mfano wa furu, samaki mdogo wa Ziwa Viktoria, aliyevuliwa karibu na Bukoba na kuletwa shuleni katika ndoo. Wavu humwondolea sehemu ya ute ufunikao mwili wake, nao ute huo ndio kinga yake ya kwanza. Aidha, hofu na msongamano hupunguza uwezo wake wa kupambana na maradhi. Vimelea vichache ambavyo ziwani havikumdhuru sasa hupata nafasi.

Mfano mmoja ni kimelea cha ugonjwa wa madoa meupe, Ichthyophthirius multifiliis. Hukua ndani ya ngozi na katika matamvua. Kikikomaa hudondoka, hujifunika kwa utando chini ya hodhi, kisha hugawanyika kuwa mamia ya vimelea vichanga viogeleavyo. Katika maji ya nyuzi 25 za Sentigredi, mzunguko huo huchukua takriban juma moja. Ziwani vichanga vingi hufa kwa kukosa samaki wa kumshambulia, maana maisha yao ni siku chache tu. Hodhini samaki wamo karibu, na wote huweza kuambukizwa.

Kwa hiyo udhaifu wa mgeni si sababu ya kuacha karantini. Ndio sababu ya kuifanya. Hodhini furu dume wenyeji hulinda maeneo yao na kumfukuza mgeni, ilhali akitengwa hupata utulivu, na mlezi huona kama anakula. Mara nyingi kinachomuua samaki aliyetengwa si upweke, bali maji mabaya. Kinyesi chake na matamvua yake hutoa amonia, ambayo ni sumu. Chujio la sifongo lililokaa majuma kadhaa katika hodhi lenye samaki wazima huwa na bakteria waigeuzao amonia kuwa nitriti, kisha nitrati. Chujio hilo lihamishiwe katika chombo cha karantini kabla ya mgeni kuwasili. Viwekwe pia vigae vya chungu awe na pa kujificha, na wavu wake usitumiwe kwingine.

Majuma matatu hadi manne hutosha kwa mizunguko kadhaa ya kimelea hicho. Madoa yakitokea, hesabu ianze upya yatakapotoweka. Dawa nayo irudiwe, kwa kuwa huua vile viogeleavyo tu.

Hata hivyo, karantini haifichui kila kitu. Virusi vya sato vilivyoelezwa na wanasayansi mwaka 2014 viligunduliwa baadaye, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, ndani ya samaki wa Ziwa Viktoria wasioonyesha dalili za ugonjwa. Kwa sababu hiyo maji ya karantini yamwagwe migombani, mbali na mto, wala samaki wa hodhini asiachiliwe katika Ziwa Ikimba au Burigi. Hodhi lililoambukizwa huweza kusafishwa na kuanzishwa upya, ziwa haliwezi.