Kinengenenge Ndiye Bingwa wa Pemba

Kisiwa cha Pemba kina kilomita za mraba 988 tu, lakini kwa ndege hakuna kisiwa kwenye mwambao wetu kinachokifikia. Kina aina nne zisizopatikana penginepo popote duniani. Unguja, iliyo kubwa zaidi na yenye watalii tele, haina hata moja.

Sababu iko chini ya maji. Mkondo wa Pemba unafika kina cha mita 800 hivi, ilhali bahari inayoitenga Unguja na bara ni ya kina kifupi tu. Enzi ya barafu, maji yalipopungua, Unguja ilishikana na bara na ndege wakawa wanakwenda na kurudi. Pemba ilibaki peke yake, na ndege wake wakashika njia yao.

Katika hao wanne, mkubwa wa mwili ni ninga wa Pemba, njiwa wa kijani na kijivu anayeishi kwa matunda. Ndiye pia aliyechelewa kuliko wote kuingia katika vitabu vya sayansi: Pakenham, ofisa wa serikali ya kikoloni, alimwandika mwaka 1940. Wapemba walikuwa wakimjua zamani, bila shaka. Wa kwanza kuandikwa alikuwa chozi wa Pemba, mwaka 1905, na taji la urembo ni lake vilevile, kwa sababu dume likigeuka juani linang'aa kijani, mara zambarau. Wa kusikika zaidi kuliko kuonekana ni bundi mdogo wa Pemba. Usiku hutoa mlio mfupi mmoja, akanyamaza, akatoa mwingine, na unaweza kumtafuta kwa tochi hadi shingo ikuume usimwone.

Ila ukiniuliza bingwa wa wote, nitakutajia kinengenenge wa Pemba.

Ni ndege wa manjano, urefu wake sentimita 10 au 11, mwenye duara jeupe la manyoya mafupi kuzunguka jicho, kama aliyevaa miwani. Hatulii. Makundi madogo hupita matawini yakiitana kwa sauti nyembamba. Huyu anang'inia kichwa chini akichokoa mdudu nyuma ya jani, yule anadonoa tunda bivu au anatia ulimi ndani ya ua kufuata utamu wake. Wakipumzika, jamaa hawa hupenda kubanana kwenye kijiti kimoja na kuchambuana manyoya. Ndege wa ukoo huu hujenga kiota kidogo kinachoning'inia kwenye panda ya tawi, wakikifunga kwa utando wa buibui, na mayai yao mara nyingi huanguliwa kwa siku 10 hadi 12 tu, muda mfupi mno hata kwa ndege wadogo.

Ukoo wenyewe ni hodari wa kuhamia visiwa. Miaka ya 1850 binamu zao wa Australia walivuka bahari wenyewe wakatua New Zealand, na leo wamejaa huko. Ukoo huo una aina zaidi ya 100, nyingi zikiwa za kisiwa kimoja kimoja, kama huyu wetu aliyeandikwa na Bannerman mwaka 1924.

Taji lake kubwa, hata hivyo, ni la wingi. Msitu wa asili wa Pemba umebaki vipande, kikubwa kikiwa Ngezi, kaskazini magharibi, chenye hekta 1,400 hivi. Sehemu kubwa ya kisiwa iligeuzwa mashamba ya mikarafuu, hasa baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuiangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba ikiongoza kwa zao hilo. Ninga na bundi wamo katika orodha ya ndege walio hatarini duniani. Kinengenenge hakuchagua: yumo Ngezi, yumo mashambani, yumo vichakani na hata kwenye bustani za watu. Wengi humwona kila asubuhi bila kujua kwamba wanatazama ndege asiye na kwao kwingine.

Kwa hiyo ukifika Pemba, usisubiri mpaka Ngezi. Simama chini ya mkarafuu wowote kabla jua halijawa kali, uinue macho. Unguja hutampata.