NAFASI YA JUMUIYA ZA WANANCHI KATIKA USIMAMIZI WA INTANETI

Watumishi wa Serikali na wakaazi wanafahamishwa kuwa posta na simu ni miongoni mwa Mambo ya Muungano yaliyoorodheshwa katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano. Kwa hivyo jumuiya iliyoko Visiwani na ile iliyoko Njisi, wilayani Kyela, hupeleka hoja zao za intaneti kwa chombo kimoja, nacho ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Mkutano wa kilele wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Tunis mwezi Novemba, 2005 ulikubali kuwa intaneti isimamiwe na serikali, makampuni na jumuiya za kiraia, kila upande kwa nafasi yake. Jukwaa lililotokana na makubaliano hayo lilikutana Nairobi mwezi Septemba, 2011. Nauli ya Nairobi, hata hivyo, si jambo jepesi kwa ushirika wa wakulima wa mpunga, na njia iliyo karibu zaidi imo katika Sheria ya Mamlaka ya mwaka 2003. Sheria hiyo inaitaka Mamlaka ifanye uchunguzi wa hadhara na kupokea maoni kabla ya kupanga viwango vya malipo. Iliunda pia Baraza la Ushauri la Watumiaji, ambalo laweza kuanzisha kamati za watumiaji mahali walipo.

Njisi iko mpakani na Malawi, na mawimbi ya simu hayasimami kwenye Mto Songwe. Simu ikinasa mnara wa ng'ambo, mwenyewe huweza kutozwa gharama za nchi ya pili. Mtu mmoja akilalamika, hujibiwa kuhusu salio lake tu. Wavuvi au wakulima wakiorodhesha kwa pamoja tarehe, mahali na kiasi kilichokatwa, wakaanza kwa kampuni husika, kisha Mamlaka, na nakala kwa Baraza, hilo huwa suala la usimamizi.

Kuchelewa kuna gharama. Mwaka 2018 asasi kadhaa zilipinga Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni katika Mahakama Kuu, Mtwara, baada ya kanuni kutangazwa. Zuio la muda lililotolewa mwezi Mei liliondolewa mwezi huo huo.

Masheha na watendaji wa kata wanatakiwa kubandika matangazo ya uchunguzi siku ileile yanapowafikia, kwani siku ya mwisho ya kupokea maoni huwa imekwisha kuwekwa ndani ya tangazo.